Niachie Mtu Wangu

Kipusa alikuwa na wivu, na hapa tusimsingizie shetani. Aliionea wivu simu ya Mwalimu kila ilipolia. Aliyaonea wivu madaftari ya hesabu ambayo Mwalimu aliyasahihisha kila jioni, kichwa kimeinama na ulimi umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo, kwa sababu madaftari yale yalitazamwa saa mbili nzima na yeye akatazamwa dakika tano. Lakini huo ulikuwa wivu wa kawaida, wa kula nao na kulala nao. Ule wa kumtia mtu wazimu ulikuja siku Cheche alipoingia uani na mashine yake ya kuchomelea.

Twende taratibu tusije tukachanganyana. Kipusa ni fundi cherehani. Jina hilo alipewa na mtaa, na ukimwona hutauliza sababu: nywele za kusuka zilizomfika kiunoni, kucha nyekundu ambazo hazikuvunjika hata alipopindisha jinzi, na magauni aliyojishonea mwenyewe yakamkaa sawasawa. Mwalimu anafundisha hesabu shule ya msingi. Anavaa miwani na ana sauti ya chini, mpaka watoto hulazimika kunyamaza ili wamsikie. Wawili hao walipanga vyumba viwili katika nyumba moja yenye ua. Cha mbele kilifungukia barabarani, ndicho duka la kushonea. Cha nyuma kilikuwa na vitanda viwili, kimoja cha kulalia na kimoja cha kuonwa na wageni. Shuka ya kile cha wageni haikuwahi kukunjamana.

Walikuwa wapenzi, mwaka wa sita ule, na mtaa haukuwa na habari. Mtaa uliwaita mashoga, kwa maana ile ya wanawake wawili walioshibana. "Mashoga zangu, mmeamkaje?" mama mwenye nyumba huwaamkia asubuhi, naye Mwalimu huinamisha kichwa, na Kipusa huuma mdomo asije akaangua kicheko.

Mama mwenye nyumba alikuwa mjane mwenye roho nzuri na mdomo usio na breki. Alijisifu kwamba hakuna mtu wa kumficha tabia yake. Siku Cheche alipokuja kuweka vyuma vya madirisha, bibi huyo aliingia dukani, akajibwaga kwenye kiti cha wateja na kumnong'oneza Kipusa kwa sauti iliyofika barabarani.

"Umemwona huyo fundi wa vyuma? Ni wale."

"Wale gani, mama?"

"Wale wa wanawake kwa wanawake. Usijifanye mtoto. Mimi hao nawajua kwa macho, sihitaji kuambiwa. Tazama kichwa kilivyonyolewa. Tazama ovaroli. Tazama anavyokaa, mguu huku na mguu kule kama dereva wa lori. Halafu anapiga mluzi! Mwanamke gani mzima anapiga mluzi?" Akampiga Kipusa kofi la paja. "Wewe nawe, mzuri hivi, unachelewa nini kuolewa? Kaa mbali naye asije akakuharibu."

Kipusa akacheka, pini tano mdomoni. Ilikuwa ya kuvunja mbavu kweli, ukifikiria nani alikuwa anaambiwa na nani. Lakini hapa ndipo ninapomlaumu, na nitamlaumu mpaka mwisho. Mtu ambaye amejificha miaka sita nyuma ya kucha nyekundu na nywele ndefu, mtu ambaye hakuna jicho lililowahi kumtambua, ndiye wa kwanza kujua kwamba mambo hayo hayajulikani kwa nguo. Alipaswa kucheka na kusahau. Yeye alicheka, akazitema pini kiganjani, akachungulia dirishani. Akaona mabega mapana, kichwa kilichonyolewa, na mtu anayepiga mluzi. Akajisemea, huyu bibi leo huenda amepatia.

Tena kwa bahati mbaya Mwalimu alikuwa likizo.

Siku ya kwanza Mwalimu alimpelekea Cheche chai. Siku ya pili alimpelekea chai na kigoda akakaa naye. Siku ya tatu Kipusa, akiwa ameshonea mfuko wa shati kichwa chini miguu juu na kulazimika kuufumua, alisikia vicheko uani. Mwalimu alikuwa anacheka kile kicheko chake cha kuishiwa pumzi, kile ambacho Kipusa alidhani Mungu alikiumba kwa ajili ya chumba cha nyuma peke yake. Roho ilimwuma hivi, akasimama, akajifanya anatafuta ndoo.

Walipomwona wakanyamaza. Hilo ndilo lililommaliza.

"Mnacheka nini?" akauliza, akijitahidi kutabasamu.

"Mambo ya watu wazima," Cheche akasema, akashusha kinyago chake cha kuchomelea, cheche zikaanza kuruka.

Jioni Kipusa alijaribu kumpeleleza Mwalimu kwa mlango wa uani. "Huyo rafiki yako, hana mtu?"

"Anaye," Mwalimu akasema bila kuinua macho kwenye kitabu. "Anapendwa na mtu mpaka raha. Ukiwaona utafurahi."

"Mtu gani?"

"Utajua muda ukifika."

Lugha yetu hii ina ukarimu wake. Mtu ni mtu, haisemi ni wa kike au wa kiume, na kwa miaka sita Kipusa na Mwalimu walikuwa wamejificha ndani ya ukarimu huo. Akiulizwa na wateja kama ana mchumba, Kipusa hujibu, "Ninaye, ananipenda, ila yuko bize na kazi," na hajasema uongo hata chembe. Sasa ukarimu ule ule ukamfungia yeye nje. Alilitafuna neno mtu usiku kucha, na kila alipolitafuna lilivaa miwani na kuwa na sauti ya chini.

Ijumaa alifungua mkoba wa Mwalimu. Alikuwa anatafuta kalamu, au ndivyo alivyojiambia, ingawa kalamu tatu zilikuwa mezani mbele yake. Ndani ya daftari la maandalio ya somo akakuta kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne. Kilikuwa na mwandiko wa Mwalimu, namba zimepangwa wima na kupigiwa mstari kwa rula.

Wewe na mimi tungeona namba tu. Kipusa aliona mwili. Bega, inchi kumi na saba na nusu. Kifua arobaini. Kiuno ishirini na tisa. Nyonga thelathini na tisa. Kisha ikaja mikono, na hapo macho yalimtoka. Fundi yeyote hupima mkono mmoja, basi, maana wa pili ni pacha wake. Aliyeandika hapa alikuwa amepima yote miwili. Unene wa mkono wa kushoto, kumi na mbili. Wa kulia, kumi na tatu na nusu. Mkono wa kushika nyundo.

Mtaani hapo mwanamke mwenye mkono huo alikuwa mmoja.

Kipusa aliketi juu ya kile kitanda cha wageni na kuikunjamanisha shuka yake. Alimjua Mwalimu, alijua hawezi kupima hata pazia. Kwa hiyo alimwona dhahiri: amesimama karibu mno, futi ya kitambaa imezunguka kifua cha yule mwanamke, pumzi zao zinagongana, halafu anaizungusha tena kwa sababu amekosea, halafu mkono wa kushoto, halafu, eti asikose kitu, na wa kulia. Akaona gere. Mwalimu hakuwahi kumpima yeye. Miaka sita, na yeye ndiye mwenye futi, hakuna aliyewahi kumwambia simama hapa nikupime.

Akairudisha karatasi ilipokuwa. Akanyamaza siku nzima. Ukimwona mtu wa maneno mengi amenyamaza, ondoa vyombo vya kuvunjika.

Jumamosi kabla ya adhuhuri Cheche alikuwa anafunga chuma cha dirisha la duka lenyewe, upande wa uani. Mwalimu alikishikilia upande mmoja kisilale. Kipusa aliwasikia kupitia kitambaa cha pazia, karibu sana, kama wanaongea sikioni mwake.

"Nitaweza kweli?" Cheche aliuliza. "Nikimvulia hizi nguo za kazi, si nitachekesha?"

"Utapendeza. Nimeshakuona, nakwambia utapendeza."

Kipusa alikuwa anakata kitambaa. Hakuuacha mkasi. Alitoka nao hivyo hivyo, kandambili moja mguuni na nyingine imebaki chini ya cherehani, akazunguka kona ya nyumba na kusimama mbele yao akihema.

"Niachie mtu wangu!"

Cheche akageuka, kinyago usoni.

"Unanisikia? Umekuja kuweka madirisha, weka madirisha! Miaka sita mimi nahangaika, napika, nafua, najificha, wewe unakuja na mluzi wako wiki moja unataka kuchukua! Niachie mtu wangu, nasema!"

Sauti ilipasuka mwishoni, machozi yakamvamia. Akajisikia alivyosikika. Akageuka, na pale mlango wa jikoni, beseni la nguo kiunoni, alikuwa amesimama mama mwenye nyumba, mdomo wazi.

Mwalimu alikuwa bado ameshikilia chuma, nacho kikagonga ukuta kidogo kidogo. Sasa ndipo Kipusa alipoelewa alichofanya. Kucha zake, nywele zake, kitanda cha wageni, vyote vilikuwa vimemficha vizuri. Wivu ndio uliomwanika, na si yeye peke yake. Mwalimu alikuwa na darasa la watoto arobaini na wazazi wao.

"Mtu?" mama mwenye nyumba akauliza polepole. "Mtu gani?"

Cheche alikipandisha kinyago. Akamtazama Kipusa na mkasi wake. Akamtazama Mwalimu, akaona rangi ilivyomtoka usoni. Ilimchukua muda wa kumeza mate mara moja.

"Kaka yake Mwalimu," akasema. "Huyo ndiye mtu wake. Nimemchukua mimi."

"Wewe?"

"Mimi, mama. Tunafunga ndoa mwezi ujao. Nilijua anapendwa na mwingine, nikamchukua hivyo hivyo."

Mama mwenye nyumba alimwangalia Cheche kuanzia buti hadi kichwa, kisha akamwangalia Kipusa kuanzia kichwa hadi ule mguu usio na kandambili. Hesabu haikumjia. "Wewe," akasema tena, "umemnyang'anya *huyu* mwanaume?" Beseni likamponyoka, nguo zikasambaa udongoni. "Basi mimi sijui kitu tena duniani."

Hayo mengine Mwalimu aliyasema chumbani, mlango umefungwa, akitia nguo kwenye begi dogo.

"Yote aliyosema ni kweli, isipokuwa la kukunyang'anya. Anaolewa na kaka yangu. Vipimo ni vya gauni la harusi. Alikuwa anaona aibu kuja dukani kwako, ndiyo maana nikampima mimi, nije nikwambie ni mteja wa mbali. Unajua aliniambia nini? Aliniambia, huyo shoga yako ananitazama kama wanavyonitazama wenzake."

"Mwalimu..."

"Nikamwambia, yule? Yule hawezi. Yule anajua." Akafunga zipu. "Nilikutetea, Kipusa. Nilikula yamini."

Akaenda kukaa kwa kaka yake.

Wiki ile Kipusa alishona gauni. Hakuna aliyemtuma, ila vipimo alikuwa navyo kichwani. Wateja walimiminika kuliko siku zote, wakijidai wana suruali za kupunguza, kumbe wamekuja kumpa pole. Walimshika mkono. Walimwambia mwanaume huyo hana macho. Walimtukana Cheche kwa majina yote, jizi, jike dume lililojua kuficha makucha, na mama mmoja aliyekuwa ameagiza geti akalikataa likiwa limeshapakwa rangi. Kipusa alisikiliza yote pini zikiwa mdomoni. Angeweza kuzitema na kusema ukweli. Hakuzitema.

Na wivu je, mnadhani uliisha? Ungalipo. Ulibadilisha nguo tu. Sasa alimwonea wivu Cheche kwa kuwa alikuwa huko, kwa kaka mtu, akila sahani moja na Mwalimu mchana kweupe. Mwezi ujao mtu yule angekuwa wifi. Wiki mbili za chai na vicheko, na tayari wana neno lao, la kuitana mbele ya watu, la kuandikwa kwenye kadi. Yeye, kwa miaka sita, alikuwa hana neno hata moja la kumwita Mwalimu mbele ya mlango uliofunguliwa. Akalia kidogo juu ya kitambaa cheupe, akakipangusa haraka kisiweke doa.

Siku ya nane Cheche aliingia dukani kwa mlango wa mbele, saa nne asubuhi, barabara imejaa. Nyuma yake alikuwa Mwalimu. Alikaa kwenye kiti cha wateja na kufungua kitabu ambacho hakukisoma.

Kipusa alimvisha Cheche gauni. Bega likakaa. Mkono wa kulia aliuachia nafasi, mshono ukazunguka msuli vizuri kabisa. Cheche alijitazama kwenye kioo, akajipinda huku na huku, akajaribu kupiga mluzi, ikatoka hewa tupu.

"Umependeza," Kipusa akasema. "Na mimi nimekukosea. Nilikuangalia kwa macho ya yule bibi. Hata sijui nisemeje."

"Mimi tangu darasa la tatu naitwa majina," Cheche akajibu kioo. "Nimezoea. Ila kwako iliniuma, maana nilipoinua kinyago siku ile nilikuelewa mara moja, nikasema, kumbe huyu naye! Huyu ndiye angenielewa."

"Mbona ulinisitiri?"

"Ulivyolia. Mimi nampenda mwenzangu, lakini sijawahi kumlilia hivyo na mkasi mkononi." Akacheka kidogo. "Geti moja limekataliwa. Nitauza kwingine."

Mwalimu akafunga kitabu.

"Mimi nina swali," akasema kwa sauti yake ya chini. "Kwa wivu ulipiga kelele, nyumba nzima ikasikia. Kunipenda je? Miaka sita. Umewahi kulisema hilo mlango ukiwa wazi? Hata kwa kunong'ona?"

Kipusa akafungua mdomo. Mlango ulikuwa wazi. Na ndani ya mlango, kama kawaida yake, alikuwa anaingia mama mwenye nyumba, kanga begani, akitweta.

"Nimesikia yupo humu!" Akamkazia Cheche macho, akakutana na gauni, akasahau alichotaka kusema. "Mh. Limekukaa, siwezi kusema uongo." Kisha akamgeukia Kipusa, huruma imemjaa usoni. "Na wewe ndiye umelishona! Mwanangu, una moyo gani? Hebu niambie, kwani huyo mtu unampenda kweli, au ni hasira tu za kuachwa?"

Futi ilikuwa shingoni mwa Kipusa. Aliishika ncha zote mbili. Hakumtazama mama mwenye nyumba. Alimtazama Mwalimu, miwani yake, kitabu chake, viatu vyake vya safari ambavyo hakuvivua mlangoni.

"Nampenda," akasema, kwa sauti kamili, na mpita njia mmoja akageuza kichwa. "Nampenda kuliko kitu chochote nilicho nacho. Bila yeye siwezi kukaa humu ndani hata wiki nyingine."

Mama mwenye nyumba akatikisa kichwa, akapangusa jicho kwa ncha ya kanga.

"Sasa unamwambia nani, mwanangu? Mambo haya mwambie mwenyewe. Ukimwambia dada mtu, ujumbe hautafika."

"Umefika, mama," Mwalimu akasema, akainama kufungua kamba za viatu.